Jina la Kipolandi limetoka wapi? Namna ya kulifuatilia, kwa mfano wa Kaczmarek

Ukishuka kwenye daladala Tengeru, mtu yeyote atakuelekeza yalipo makaburi ya Wapolandi, karibu na chuo cha mifugo. Ni takriban 150, yamepangwa kwa safu, na mawe yake yamejaa majina ambayo ulimi wetu unayakwepa. Mara ya kwanza nilipoingia pale nilinakili jina moja la mwanamke lililoishia na -ska, nikaenda nalo nyumbani, nikalitafuta kwenye orodha ya majina ya Poland mtandaoni. Halikutoka hata moja. Wiki mbili nzima nikawa najisifu kwa watu kwamba nimegundua ukoo uliotoweka duniani. Kumbe nilikuwa nimefungua orodha ya wanaume, na wanaume wa ukoo ule jina lao linaishia na -ski. Wako maelfu.

Nimeandika mwongozo huu ili wewe usizipoteze wiki mbili zako. Unamfaa yeyote aliyeshika jina la Kipolandi na anataka kujua mambo mawili: lilizaliwa wapi, na leo wenye jina hilo wanaishi wapi. Ni maswali mawili, wala si moja, na makosa mengi hutokana na kuyachanganya. Jina la lile kaburi sitalitaja, maana huenda watoto wa mama yule wapo hai. Nitatumia Kaczmarek, jina la watu zaidi ya 50,000 nchini Poland, ambalo lina tabia njema: asili yake inasomeka, na ramani yake inaongea.

Kwanza, liandike lilivyo na ulitamke

Kabla ya kufungua kompyuta, nakili jina pamoja na vialama vyake vyote: mikia, nukta na vistari vya juu. L na Ł ni herufi mbili tofauti, si moja iliyochorwa vibaya. Anayeziandika sawa atakuwa anatafuta ukoo mwingine.

Kisomo chake si kigumu ukishajua funguo chache. Cz ni ch yetu, sz ni sh, w ni v, ł ndiyo w yetu, j ni y, c peke yake ni ts, na ó ni u. Rz na ż hutamkwa sawa, kama j ya Kifaransa. Ą na ę hupitia puani. Kwa hiyo Wałęsa ni Vawensa, Wójcik ni Vuychik, na Kaczmarek ni Kachmarek. Mkazo wao, kama wetu, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ka-CHMA-rek. Hapo Mswahili anamzidi Mwingereza bila kufundishwa.

Kwa nini matamshi yana maana? Kwa sababu karani wa Kijerumani, Kifaransa au Kimarekani aliandika alichosikia. Kaczmarek akawa Katschmarek kwa Wajerumani na Kachmarek kwingineko. Ukilijua jina kwa sikio, utalitambua hata likivaa nguo nyingine. Tengeneza orodha yako ya maumbo yanayowezekana sasa hivi, maana utaihitaji kila hatua.

Na usisahau kwamba Kipolandi huchezea miisho ya majina. Anayeitwa Jan Kaczmarek, kitu chake kitaandikwa ni cha „Jana Kaczmarka”. Familia nzima ni Kaczmarkowie. Zamani mke aliitwa Kaczmarkowa, na binti ambaye hajaolewa Kaczmarkówna. Wote wanne ni nyumba moja. Leo, Kaczmarek wa kiume na wa kike huandikwa sawa, lakini majina ya -ski na -cki bado hubadilika kuwa -ska na -cka kwa wanawake. Ndiyo maana orodha za serikali ya Poland zinatenganisha wanaume na wanawake. Ukitaka jumla, chukua namba zote mbili ujumlishe.

Pili, shika mkia wa jina

Mkia wa jina la Kipolandi hukuambia mengi kabla hujajua maana ya jina lenyewe.

-Ski ni ndugu wa nisba yetu. Kama Shirazi anavyohusishwa na Shiraz na Barawi na Barawa, ndivyo Dąbrowski anavyohusishwa na mahali paitwapo Dąbrowa, yaani kwenye kichaka cha mialoni. Majina haya yalianzia kwa makabaila wenye mashamba, karne ya 15 na 16: aliyemiliki kijiji alijiita kwa kijiji chake. Baadaye watu wa mjini na wakulima wakaona lina heshima, wakajipachika na wao. Kowalski, kwa mfano, linatokana na kowal, mhunzi wa vyuma. Hakuna shamba la urithi hapo. Kwa hiyo akija mtu kukwambia kwamba -ski ni alama ya damu ya kikabaila, mwache aendelee kufurahi.

Miisho mingine ina makwao. -Ak ni mwisho unaopendwa sana Wielkopolska, ile nchi ya magharibi inayozunguka Poznań: Szymczak, Walkowiak, Ratajczak. -Czyk na -ik huonekana sana kusini. -Owicz na -ewicz, zenye maana ya „mwana wa”, zimejaa mashariki na katika miji ya zamani. -Uk hukuelekeza Podlasie na mipaka ya Belarusi na Ukraine. Hizi ni dalili tu, usizifanye hukumu. Zina manufaa ya kukwambia uanzie upande gani wa nchi.

-Ek ya Kaczmarek ni udogo: kama sisi tunavyosema „kijana wa fulani”. Ni Mzee fulani mdogo, au mtoto wake.

Tatu, tafuta shina, na usidanganywe na sauti

Ukifungua kamusi ya Kipolandi kutafuta kacz-, utakutana na kaczka, bata. Nimeshasoma watu wakieleza kwa kujiamini kwamba Kaczmarek walikuwa wafuga bata. Hapana. Shina ni karczma, na mwenye karczma ni karczmarz. R ya kwanza ilidondoka midomoni mwa watu, ikabaki kaczmarz, na mtoto wake akawa Kaczmarek.

Karczma ni nini? Chukua kilabu cha pombe cha kijijini ukichanganye na gesti ya barabarani: mahali pa kunywa, kulala, kufunga farasi, kucheza ngoma ya harusi na kupigana baada ya harusi. Kwa karne nyingi bwana wa kijiji ndiye aliyekuwa na haki ya kutengeneza na kuuza pombe kwa wakulima wake, naye hukodisha au kumpa mtu karczma aiendeshe. Haki hiyo iliitwa propinacja. Mashariki mwa nchi mwenye kuikodisha mara nyingi alikuwa Myahudi. Magharibi, Wielkopolska, walikuwapo wengi waliokuwa wakulima Wakatoliki wa kijiji kilekile. Ukiliweka hilo kichwani, ramani utakayoiona baadaye haitakushangaza.

Sasa angalia jambo ambalo watu hulipita haraka. Karibu kila kijiji kikubwa kilikuwa na karczma. Kila karczma ilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na watoto. Maana yake jina Kaczmarek halikuzaliwa mara moja. Lilizaliwa mara mamia, kijiji baada ya kijiji, bila mmoja kumjua mwenzake. Ukiwakutanisha watu wawili waitwao Kaczmarek, udugu wao una nguvu sawa na udugu wa watu wawili waitwao Mgeni wa Unguja na Mgeni wa Pangani. Na kwa taarifa yako, jina linaloongoza kwa wingi Poland, Nowak, lenye watu takriban 200,000, maana yake ni hiyohiyo: mtu mpya, mgeni wa kijiji.

Shina hilohilo limevuka lugha. Wacheki wana Krčmář, Waukraine wana Korchmar, na Wajerumani walilichukua kwa majirani zao wakatengeneza Kretschmer na Kretschmar. Ndani ya Poland kwenyewe kuna Kaczmarczyk, anayeonekana zaidi kusini, Małopolska (nchi inayozunguka Kraków) na Silesia, na Kaczmarski, kama Jacek Kaczmarski, mwimbaji wa mashairi aliyefariki 2004. Usiwaunganishe kwenye mti wako wa ukoo kwa sababu ya shina tu. Lakini usiwafute pia: karani mmoja aliweza kumwandika mtu Kaczmarek siku ya ubatizo na Kaczmarczyk siku ya ndoa.

Kwa shina la jina lolote, kitabu cha kuaminika ni kazi za Kazimierz Rymut, mtaalamu wa majina kutoka Kraków. Tovuti zinazokuuzia „nembo ya ukoo wako” kwa kadi ya benki ziache zipite. Poland nembo moja ilitumiwa na koo nyingi zisizo na uhusiano, na jina moja lingeweza kubebwa na kabaila na mtwana wake.

Nne, fungua ramani, lakini isome kwa wasiwasi

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo penye mashimo.

Serikali ya Poland huchapisha kila mwaka, kwenye tovuti ya dane.gov.pl, orodha ya majina yote ya ukoo yaliyo kwenye PESEL, daftari la taifa la watu, pamoja na idadi ya wenye nayo. Anzia hapo kupata wingi. Kupata mtawanyiko, chanzo cha zamani kinachotumika mpaka leo ni kamusi ya Rymut yenye juzuu kumi, iliyotoka 1992 hadi 1994, ambayo inataja kwa kila jina idadi ya watu katika mikoa 49 iliyokuwapo wakati ule. Ramani nyingi za mtandaoni zimejengwa juu ya takwimu za aina hiyo. Kumbuka tu kwamba tangu tarehe 1 Januari 1999 mikoa ni 16. Ukiona ramani yenye mkoa wa Konin au Leszno, ujue ni ya zamani, na kwa kazi yetu ni bora, maana vipande vyake ni vidogo.

Kaczmarek kwenye ramani hiyo ni doa zito moja: Poznań, Konin, Kalisz, Leszno, likimwagikia Łódź. Ukielekea Białystok, Rzeszów au Lublin, rangi inapauka. Mtunzi wa muziki Jan A.P. Kaczmarek, aliyepata Oscar mwaka 2005, alizaliwa Konin. Nilipogundua hilo nilicheka, ni kama kukuta Mushi amezaliwa Kibosho.

Sasa masharti ya usomaji.

Usiangalie idadi tupu. Warsaw ina watu wengi, kwa hiyo ina watu wengi wa kila jina, kama Dar es Salaam ilivyo na kina Mushi bila kuwa Kibosho. Tafuta ramani inayoonyesha uwiano: katika kila watu 10,000 wa wilaya, wangapi wana jina hili. Hapo miji mikubwa hunyamaza na vijiji husema.

Łódź nayo uielewe. Karne ya 19 ilikua ghafla kwa viwanda vya nguo na ikavuta watu wa vijiji vya jirani. Kaczmarek wa Łódź wengi ni watoto wa hao, hawakuota pale.

Halafu kuna 1945, mwaka uliovuruga ramani zote. Baada ya vita mipaka ya Poland ilisukumwa magharibi: nchi ikapoteza maeneo makubwa ya mashariki, ikapewa ardhi iliyokuwa ya Ujerumani, pamoja na Wrocław na Szczecin. Wajerumani wakaondolewa, na mahali pao wakajazwa watu kutoka kila pembe. Jina lolote utakalolikuta Wrocław au Szczecin leo lina uwezekano mkubwa wa kufika pale baada ya 1945. Kwa hiyo unapotafuta asili, ziba kwa kiganja chako ukanda wote wa magharibi na kaskazini, uangalie kilichobaki. Nafanya hivyo kweli, kwa kiganja, mbele ya skrini. Kwa Kaczmarek doa la Poznań linabaki palepale. Kwa majina mengine ramani nzima huhama, na utaona mabaki madogo mashariki kabisa kwenye mpaka. Hayo ndiyo kwao.

Tengeru, au kwa nini makazi ya mwisho si asili

Niingize hapa mfano wa kwetu, kwa sababu unafundisha kuliko maelezo.

Wapolandi waliofika Tanganyika mwaka 1942 na kuendelea walitoka mikoa ya mashariki ya Poland ya wakati ule. Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu 1940 na 1941 mpaka Siberia na Kazakhstani. Walipoachiwa wakatoka kupitia Uajemi, na Waingereza wakawasambaza Tengeru, Ifunda, Kidugala, Kondoa, Morogoro, na Masindi na Koja huko Uganda. Tengeru peke yake ilifikia watu takriban 5,000, wengi wao kina mama na watoto.

Ukisoma karatasi zao utaona „Wołyń”, „Polesie”, „Lwów”, na utataka kuandika kwenye daftari lako kwamba jina ni la mashariki. Subiri. Desemba 1920 bunge la Poland lilipitisha sheria ya kuwagawia askari wa vita ardhi huko mashariki. Walowezi hao, osadnicy, walitoka sehemu mbalimbali za nchi. Na wimbi la kwanza la uhamisho, la Februari 1940, liliwalenga hasa wao na familia zao, pamoja na walinzi wa misitu. Basi mtu anaweza kuwa na jina la Wielkopolska, amezaliwa Wołyń, amezikwa Arusha, na familia yake ikawa imekaa Wołyń chini ya miaka ishirini. Ukiishia kwenye karatasi ya kambi umepoteza vizazi vyote vya nyuma.

Kwa majina ya watu wa Tengeru, kwa hiyo, uliza kwanza: baba alifika mashariki lini? Kabla ya 1920 au baada?

Tano, lifuate jina lilikovuka mpaka

Kaczmarek amesafiri kwa njia ambazo unaweza kuzinyoosha kwa kidole.

Poznań ilikuwa chini ya Prussia, dola ya Kijerumani iliyogawana Poland na Urusi na Austria, tangu 1793, ukiacha miaka michache ya Napoleon. Kwa hiyo tangu miaka ya 1870 kijana asiye na shamba alipanda treni bila pasipoti kwenda migodi ya makaa ya mawe ya Ruhr, ndani ya dola ileile: Bochum, Gelsenkirchen, Herne, Dortmund. Walikwenda kwa mamia ya maelfu. Ukifungua tovuti ya Geogen, ambayo huchora majina ya Ujerumani kutokana na kitabu cha simu, Kaczmarek anawaka Ruhr. Ila tahadhari: si kila jina la Kislavoni la Ruhr ni la Wielkopolska. Ernst Kuzorra na Fritz Szepan, nyota wa soka wa Schalke wa miaka ya 1930, walitoka katika familia za Masuria, Waprotestanti wa Prussia Mashariki, kona nyingine kabisa.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wengine walirudi Poland, wengine wakabeba masanduku kwenda migodi ya kaskazini mwa Ufaransa. Poland na Ufaransa zilikuwa zimetia saini mkataba wa wafanyakazi Septemba 1919. Hata gazeti lao, Narodowiec, lililoanzishwa Herne mwaka 1909, lilihamia Lens mwaka 1924 likiwafuata wasomaji. Kwa Ufaransa tumia Geopatronyme: inakuonyesha waliozaliwa na jina fulani kwa kila mkoa, kuanzia 1891 hadi 1990, katika vipindi vinne. Weka Kaczmarek, linganisha kipindi cha kwanza na cha pili. Nord na Pas-de-Calais zinajaa mbele ya macho yako. Katika zana zote nilizotumia hii ndiyo niipendayo, kwa sababu inaonyesha mwendo. Nyingine zinaonyesha picha iliyosimama.

Ufaransa pia itakufundisha kukatwa kwa majina. Raymond Kopa, mchezaji bora wa Ulaya wa 1958, alizaliwa Nœux-les-Mines katika familia ya wachimba migodi, na jina lake kamili lilikuwa Kopaszewski. Kopaszewo ni kijiji cha Wielkopolska. Anayetafuta „Kopa” kwenye vitabu vya Poland atatafuta mpaka azeeke. Beki wa zamani Laurent Koscielny naye amepoteza kistari cha juu ya s. Kipolandi ni Kościelny, lenye kuhusu kanisa.

Marekani, Wapolandi wa upande wa Prussia walitangulia wenzao, wakaweka makanisa yao mapema: Mtakatifu Stanislaus wa Milwaukee mwaka 1866, Mtakatifu Stanislaus Kostka wa Chicago mwaka 1867. Mwigizaji Jane Kaczmarek alizaliwa Milwaukee, 1955. Kwenye karatasi za kale watu hao wameandikwa „Prussia” au „Germany”, na wengi huzitupa karatasi hizo wakidhani ni za Wajerumani. Usizitupe. Orodha za abiria wa bandari ya Hamburg zipo kuanzia 1850 hadi 1934, na zina mahali mtu alipotoka. Za Bremen kwa sehemu kubwa ziliteketezwa. Na ile hadithi kwamba maofisa wa Ellis Island, kisiwa cha kupokelea wahamiaji New York, walibadili majina ya babu zetu, sahau: orodha ziliandikwa bandarini Ulaya, kabla meli haijaondoka. Waliobadili jina walibadili wenyewe baadaye, walipochoka kulitaja herufi kwa herufi kazini.

Sita, pata kijiji

Mpaka hapa umejua jina. Ukoo bado. Kutoka jina kwenda kijiji hakuna njia ya mkato kwa jina la kawaida kama Kaczmarek. Njia ni kutoka kwa mtu. Cheti cha ubatizo cha mhamiaji, cha ndoa kanisani, tangazo la kifo kwenye gazeti la Kipolandi, karatasi ya uraia: mojawapo litataja kijiji. Kanisa huandika kijiji mara nyingi kuliko serikali.

Kijiji kitakuja kimeharibika. Posen ni Poznań, Gnesen ni Gniezno, Wreschen ni Września, Schrimm ni Śrem, Krotoschin ni Krotoszyn. Kwa majina ya Kijerumani tumia kamusi ya Meyers ya mwaka 1912, ipo mtandaoni na inakuonyesha kijiji kilikuwa chini ya ofisi gani ya usajili. Kwa upande wa Urusi ipo kamusi kubwa ya kijiografia iliyochapishwa Warsaw kati ya 1880 na 1902. Na ukipata „Dąbrowa” au „Nowa Wieś” bila jina la wilaya, bado huna kitu. Ni kama kuambiwa mtu anatoka „Majengo”.

Saba, fungua vitabu

Kwa Wielkopolska una bahati kuliko mtu wa kona nyingine yoyote ya Poland. Mradi wa Poznań, ulioanza 2000, umeorodhesha ndoa zaidi ya milioni moja za miaka 1800 hadi 1899, na kuutafuta ni bure. BaSIA, ya wanahistoria wa koo wa Poznań, inaongeza vyeti vya aina nyingine. Kwa nchi nzima kuna Geneteka, inayokupangia matokeo kwa mkoa na parokia, na Szukaj w Archiwach, hifadhi ya nyaraka za taifa yenye picha za kurasa zenyewe.

Weka jina pamoja na la mke. Kaczmarek peke yake atakuletea maelfu. Kaczmarek aliyemwoa Ratajczak katika parokia tatu zinazopakana atakuletea watu wa kuhesabika kwa vidole.

Lugha ya ukurasa hutegemea mwaka na mtawala. Kabla ya 1800 tarajia Kilatini. Kuanzia 1808, katika Dola Ndogo ya Warsaw iliyoundwa na Napoleon, cheti ni aya ndefu ya Kipolandi. Konin na Kalisz zilibaki na mtindo huo chini ya Urusi, na tangu 1826 aya huanza na „Działo się”, yaani „Ilitokea”, ila tangu 1868 kwa Kirusi. Poznań ikarudi Prussia, na tangu Oktoba 1874 ofisi ya serikali iliandika kwa Kijerumani.

Kilatini kisikutishe, maana humo ndimo utakapolikuta jina likizaliwa. Mwenye karczma kwa Kilatini cha kanisa ni tabernator. Unaweza kukuta mbatizaji ameandika baba ni „Joannes tabernator”, bila jina la ukoo kabisa. Geuza kurasa miaka ishirini, mtoto huyohuyo anaoa, na sasa ameandikwa Kaczmarek. Kwenye ukurasa huo kazi imegeuka jina. Lakini angalia pia kinyume chake: karczma ikipata mwendeshaji mwingine, watoto wa huyo mpya nao wanaweza kuandikwa Kaczmarek, bila damu hata tone. Ukiona majina mawili sawa katika kijiji kimoja, hakiki namba ya nyumba kabla ya kuwafanya ndugu.

Ukishakaribia karne ya 20, kurasa hufungwa. Kumbukumbu za kuzaliwa hukaa ofisi ya usajili ya eneo husika kwa miaka 100, za ndoa na vifo kwa miaka 80, ndipo huhamia hifadhi ya nyaraka. Ndani ya muda huo utalazimika kuthibitisha kwamba ni ndugu wa damu au una haki ya kisheria. Andika barua fupi kwa Kipolandi, omba cheti kimoja tu, taja mwaka, kijiji na majina ya wazazi. Na kama mtu wako ni mwanamke wa -ski, andika -ska.